MAONI YETU: FUNDI WA GESI NA AONYESHE CHETI



Katika karatasi zetu hizi tumezoea kuandika juu ya mishahara, saa za ziada na malipo ya uzeeni. Mwezi huu twayaweka kando kidogo. Si kwamba yamekwisha, la. Ni kwamba mwenzetu mmoja karibu azike mke na mtoto kwa siku moja, na jambo lililotaka kuwaua limo katika nyumba zetu nyingi.

Mwenzetu huyo ni mtu wa karakana. Amepanga vyumba viwili na bafu lake. Mwenye nyumba alitaka kuongeza kodi, akaweka hita ya gesi ya kupasha maji ya kuoga. Akamwita fundi wa bei ndogo. Fundi akaitundika hita ndani ya bafu, ukutani, pasipo bomba la kupeleka moshi nje. Bafu lenyewe lina kidirisha kimoja tu, na katika baridi ya Julai kilikuwa kimezibwa kwa gunia.

Asubuhi moja mama akaingia bafuni na mtoto. Mwenzetu alikuwa anarudi kutoka zamu ya usiku. Akasikia maji yanamwagika, akaita, kimya. Akabisha, kimya. Akauvunja mlango kwa bega, akawakuta wote wawili wamelala sakafuni, maji ya moto yangali yakitiririka. Akawaburura hadi uani penye hewa, majirani wakasaidia kuwafikisha hospitali. Mungu ni mwema, wamepona. Lakini lau zamu ingechelewa nusu saa, leo tungekuwa tunachanga pesa za matanga.

Sharti tueleze kilichotokea, maana wako wanaosema ni uchawi. Gesi ikiwaka vema, penye hewa ya kutosha, mwali wake huwa wa buluu. Ikikosa hewa, mwali hugeuka manjano, masizi hushika, na hutoka hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Sumu hii haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, miguu hulegea, kisha usingizi. Ndiyo sumu ile ile ya jiko la makaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi, ambalo limeua wengi katika nchi yetu.

Tena kuna hatari ya pili. Gesi ya mtungi yenyewe, kabla haijawaka, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka. Hushuka chini na kutanda sakafuni kama maji, ikaingia mvunguni na katika mifereji. Kwa asili haina harufu, bali viwandani hutiwa dawa yenye uvundo ili tupate kuonywa. Ikifika kama sehemu mbili katika mia ya hewa ya chumba, cheche moja ya swichi ya taa yatosha kuilipua.

Mwaka 2018 ulituhimiza kwenye gesi. Februari mwaka huo ukataji miti ulipigwa marufuku katika misitu ya serikali, makaa yakapanda bei. Septemba mafuta ya taa yakaongezwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita. Hatusemi gesi ni mbaya. Haitoi moshi jikoni, wala mama hakohoi. Twasema gesi yataka mtu anayeijua.

Sasa twafika penye uchungu. Fundi aliyeitundika ile hita ni nani? Ni mtoto wetu. Baba yake ni mwanachama, amelipa ada yake bila kukosa, na wengi wetu tumemwona kijana huyo akikua. Alimaliza shule, hakupata kazi, akamfuata fundi wa mabomba mwaka mmoja akimshikia spana, kisha akaanza kujitegemea. Kazi ya maji aijua vizuri. Gesi hakufundishwa na mtu, na cheti hana.

Katika mkutano wa tawi yalitoka maneno mawili. Wengine walisema kijana ashikwe na polisi, tena apigwe kwanza. Wengine walisema tunyamaze, maana kijana anatafuta riziki kama sisi, na hakuna aliyekufa. Baba yake alikaa nyuma, hakusema neno. Sisi twaona wote wawili wamekosea. Kumpiga hakutamfundisha kuweka bomba la moshi. Na kunyamaza ni kumpa ruhusa aende nyumba ya pili, ambako huenda hakuna baba anayerudi kutoka zamu ya usiku.

Ndugu, sisi watu wa reli tunayajua haya kuliko wengine. Je, kuna mtu apewaye injini kwa sababu baba yake alikuwa dereva? Hata kama amekaa miaka kumi ndani ya injini akitazama, sharti afanye mtihani, apimwe macho, apewe karatasi. Mtu wa ishara naye vivyo hivyo. Wala hatusemi kwamba huko ni kumdharau maskini. Twajua kwamba nyuma ya injini kuna abiria waliolala, na hawana njia ya kumpima dereva wao. Basi na mtoto anayeoga hana njia ya kumpima fundi wa hita.

Tazameni Embakasi, hapa hapa Nairobi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mahali palipokuwa pakijazwa gesi pasipo leseni palilipuka katikati ya nyumba za watu. Wenzetu wa mtaa ule walikufa, na zaidi ya watu 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati, EPRA, ilitangaza kwamba maombi ya ruhusa ya mahali pale yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023. Kukataa kulikuwa katika karatasi. Gesi ilikuwa katika mtaa. Kwa hiyo tusidhani kwamba sheria peke yake italinda milango yetu. Sharti sisi wenyewe tuulize.

Wala tusidhani haya ni ya Afrika tu. Huko London, tarehe 16 Mei 1968, mama mmoja katika jengo la ghorofa 22 liitwalo Ronan Point aliamka alfajiri, akawasha kiberiti apate chai. Gesi ilikuwa imevuja. Kona nzima ya jengo ikaporomoka, na watu 4 wakafa. Wachunguzi walipofuatilia walikuta kwamba nati ya shaba ya kuungia mpira wa jiko ilikuwa dhaifu, ikapasuka. Jengo nalo lilikuwa na udhaifu wake, ndipo likaanguka vile. Lakini mwanzo ulikuwa nati moja.

Waingereza hawakuishia katika matanga. Mwaka 1970 waliunda orodha ya mafundi wa gesi. Tangu 1991 mwenye biashara ya kufunga gesi alilazimika kwa sheria kuandikwa katika orodha hiyo, na tangu tarehe 1 Aprili 2009 orodha yao yaitwa Gas Safe Register. Fundi hubeba kadi yenye picha yake na namba yake, na nyuma ya kadi yameandikwa mambo anayoruhusiwa kufanya: huyu jiko, huyu hita, huyu vyote. Mwenye nyumba ya kupanga naye hulazimika kuita fundi wa namna hiyo akague vyombo vyake vya gesi kila miezi 12. Mpangaji huko halazimiki kujua ufundi. Hutazama kadi tu.

Mpaka tupate jambo la namna hiyo, na tulidai, twawapa wanachama na wake zao maneno haya ya kushika. Kateni ukurasa huu mbandike jikoni.

1. Ulizeni cheti kabla ya bei. Cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA au cha chuo cha ufundi, kisha mlinganishe jina na kitambulisho. Mwulizeni tena ni wapi alipofundishwa gesi yenyewe, maana fundi wa maji si lazima awe fundi wa gesi.

2. Mwulizeni hita ataiweka wapi na moshi utatokea wapi. Akisema ataiweka ndani ya bafu na dirisha latosha, mwageni kwa heshima. Hita na ikae nje, au iwe na bomba la kutoa moshi hadi nje kabisa.

3. Mtazameni akipima. Fundi hupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akangoja kuona kama latoa mapovu. Anayepima kwa kiberiti mfukuzeni siku hiyo hiyo.

4. Mpira wa gesi uwe wa gesi, ulioandikwa hivyo, ukabanwa kwa vibano vya chuma pande zote mbili. Mpira wa kumwagilia maua haufai, hata kwa siku moja.

5. Takeni risiti yenye jina, namba ya simu, tarehe na kazi iliyofanywa. Mtu asiyetaka kuandika jina lake juu ya kazi yake anajua sababu.

6. Asiondoke mpaka amemwonyesha mama na watoto wakubwa jinsi ya kufunga mtungi, na amewasha hita nanyi mkauona mwali ni wa buluu.

7. Mtungi ununuliwe kwa mwenye leseni ya EPRA. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ongezeni kilo 6 au 13 za gesi, kisha mwambieni mwenye duka aupime mbele yenu.

Mkisikia harufu ya gesi, msiguse swichi ya taa, wala kuwasha wala kuzima. Fungeni mtungi, fungueni milango na madirisha, watu wote watoke nje. Na kama wawili au watatu nyumbani wanaumwa kichwa kwa pamoja, nao wakitoka nje wanapata nafuu, msimeze vidonge mkalala. Zimeni moto, tokeni, nendeni hospitali mkawaeleze kwamba nyumbani kuna hita ya gesi au jiko la makaa.

Najua mtasema: haya yote ni pesa, na fundi mwenye cheti hutoza zaidi. Ni kweli. Lakini nani alipaye? Hita ile iliwekwa na mwenye nyumba, tena akaongeza kodi kwa ajili yake. Alichukua faida ya hita, akawaachia wapangaji hatari yake. Basi ndiye wa kulipa fundi anayefaa, na sisi wapangaji tuna haki ya kumwomba karatasi ya fundi huyo. Mpangaji mmoja akiuliza huambiwa ahame. Wapangaji wa ploti nzima wakitia sahihi barua moja, ni vigumu kuwahamisha wote. Hilo hatuna haja ya kufundishana, maana ndivyo chama hiki kilivyojengwa.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mtihani wa NITA una madaraja, kuanzia la Tatu hadi la Kwanza, na mtu aliyejifunza kazini anaweza kuufanya. Haulizwi tu alisoma wapi, bali mikono yake yaweza nini. Lakini mtihani una ada, na kijana asiye na kazi ya kudumu ada hiyo humshinda. Kwa hiyo twaomba Kamati ya Tawi ilete jambo hili mbele ya mkutano ujao: mfuko wetu wa msaada uwakopeshe ada ya mtihani watoto wa wanachama wanaofanya kazi ya mabomba na umeme pasipo cheti, walipe polepole wakipata kazi. Kisha Katibu awe na daftari la mafundi waliopasi, na mwanachama akitaka fundi aje aulize ofisini. Hivyo mama atapata fundi wa kuaminika, na kijana atapata kazi.

Wako watakaosema pesa za mfuko ni za matanga. Twawajibu: mwezi huu tulikuwa karibu kuzitumia kwa matanga. Ni afadhali kulipa ada ya mtihani mmoja kuliko kununua majeneza mawili.

Jumapili iliyopita yule kijana alikwenda mwenyewe kwa mwenzetu, pamoja na baba yake. Waliiondoa ile hita ukutani, wakaziba mtungi, wakautoa nje. Hakuna aliyemtuma. Mama wa nyumba akawapikia chai kwa jiko lililo uani, mlango wazi. Kijana yuko tayari kwa mtihani. Je, sisi tuko tayari kumsaidia?

Njoni mkutanoni. Tahadhari kabla ya athari.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI, kwa niaba ya Kamati ya Gazeti