Sauti za Wazee wa Kisondela Ni Amana

Katika kata ya Kisondela, wilayani Rungwe, kama ilivyo kwingineko Unyakyusa, yapo maneno yasiyojulikana yalitungwa na nani wala yalitungwa lini. Ni maombolezo ya msibani, ni hadithi na vitendawili, ni nyimbo za kumbembelezea mtoto. Zamani mgeni aliyeyataka maneno hayo ilimlazimu afunge safari, apande milima ya Tukuyu, akae na wenyeji, nao wakipenda wampe. Leo yatosha kijana mmoja ainue simu yake msibani. Kabla ya watu kurudi kutoka makaburini, sauti ya bibi yake imekwishafika mahali asipopajua bibi wala mjukuu.

Swali linalojitokeza ni hili: sauti hiyo ni mali ya nani? Na je, sheria zetu zaweza kuilinda katika zama hizi ambapo mashine hujifunza kusema kwa kusikiliza watu wakisema?

Hebu kwanza tuitazame sheria yenyewe. Tanzania Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo pia ndiyo iliyoleta chombo tukijuacho kwa jina la COSOTA. Msingi wake ni mambo matatu: awepo mtunzi anayejulikana, iwepo kazi yake, na asitokee mtu wa kuinakili bila idhini. Mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Msingi huo una nguvu pale mwenye kazi anapojulikana. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya MIC Tanzania, iliyofanya biashara kwa jina la Tigo, iwalipe wasanii Ambwene Yesaya na Hamisi Mwinjuma zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa kuwa nyimbo zao zilitumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Hukumu ile ilikatiwa rufaa, lakini kinachotuhusu hapa ni jambo moja tu: wasanii wale waliweza kusimama mahakamani kwa sababu kazi ilikuwa na jina, na nakala ilikuwapo ya kuonyesha.

Akili mnemba imeivuruga misingi hiyo. Mashine hizi hulishwa maandishi na sauti kwa wingi usiohesabika, zikachambua jinsi maneno yanavyofuatana na jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Kisha huweza kutoa wimbo mpya wa maombolezo kwa lafudhi ya Kinyakyusa, usiofanana neno kwa neno na wimbo wowote uliopata kuimbwa. Mlalamikaji atakapotakiwa kuonyesha nakala, ataonyesha nini? Na atakapoulizwa mtunzi ni nani, atajibu nini?

Ni kweli kwamba sheria ya 1999 inayo sehemu inayohusu sanaa za jadi, nayo inataka idhini kwa mwenye kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, iliandikwa wakati hatari iliyoonekana ilikuwa kaseti na kitabu, na mtumiaji alikuwa mtu aliyeweza kukamatwa akiuza. Haikumfikiria mtumiaji aliye ng'ambo ambaye amechota sauti elfu moja kwa mkupuo mmoja na kuzichanganya na nyingine milioni.

Si mara ya kwanza kwa maneno ya Unyakyusa kusafiri namna hii. Kati ya 1934 na 1938, wataalamu Godfrey na Monica Wilson waliishi Unyakyusa wakiandika habari za mazishi, matambiko na maisha ya vijiji. Walisaidiwa na wenyeji, miongoni mwao karani wao Leonard Mwaisumo. Godfrey alifariki mapema, na Monica akavitoa vitabu vilivyojulikana duniani kote. Karatasi zao zimehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Kazi yao ni ya thamani, wala hatuilaumu. Lakini tufanye hesabu kidogo. Monica Wilson alifariki mwaka 1982. Kwa kipimo cha miaka 50 cha sheria yetu, haki katika vitabu vyake itadumu hadi mwaka 2032. Wazee waliomwambia maneno yale, haki yao ya utunzi haikuhesabiwa hata kwa siku moja. Aliyeandika ndiye aliyekuwa mtunzi. Aliyesema alikuwa chanzo tu.

Hofu yetu ni kwamba dhulma ile ile itarudi kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani, inayotengeneza akili mnemba, ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 ili kumaliza shauri la waandishi ambao vitabu vyao ilivichukua kutoka katika maktaba za wizi. Malipo yalikadiriwa kuwa kama dola 3,000 kwa kitabu. Lakini tazama ni nani aliyestahili: ni mwenye kitabu kilichosajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani, tena kwa wakati uliowekwa. Asiye katika daftari hakuhesabiwa. Basi, hata pale sheria inapouma, humlipa mwenye jina na karatasi. Bibi wa Kisondela hana vyote viwili.

Wapo watakaosema kuwa mila ni ya wote, na kwamba kuifungia ni kuiua. Kinyakyusa chenyewe chahitaji kuingia katika mashine hizi kisije kikasahauliwa na watoto wanaokulia Mbeya na Dar es Salaam. Hoja hii ina uzito, nasi twaikubali nusu yake. Lugha isiyosikika katika vyombo vya leo itaonekana kwa vijana kuwa ni lugha ya jana. Lakini kukaribisha mgeni ni jambo moja, na kuacha mlango wazi usiku kucha ni jambo jingine.

Wamaori wa New Zealand wametuonyesha njia. Mwaka 2018 redio yao ya Te Hiku iliwaomba wenyeji wajirekodi wakisoma kwa lugha yao, na katika siku 10 zikapatikana zaidi ya saa 300 za sauti. Kwa sauti hizo wakatengeneza wenyewe mashine ya kuitambua lugha yao. Makampuni ya nje yalipozitaka, walikataa kuzitoa, wakaandika leseni yao inayosema kwamba wao ni walinzi wa sauti hizo kwa niaba ya watu wao, na kwamba atakayezitumia sharti awanufaishe hao kwanza.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu.

Kwanza, wananchi wenyewe waanze. Shule, viongozi wa ukoo na ofisi ya kata washirikiane kuwarekodi wazee, kwa ridhaa yao, na kila sauti iandikiwe jina la msemaji, kijiji, tarehe na masharti ya matumizi. Yapo maneno ya kutolewa kwa wote, na yapo ya msibani yasiyofaa kutoka nje ya msiba. Waamuzi wawe wenye nayo.

Pili, Bunge liirekebishe sheria ya 1999 ili kufundishia mashine kuhesabiwe kuwa ni matumizi yanayohitaji idhini pale sanaa za jadi zinapohusika, na mwenye mashine alazimike kutaja alikochota. Bila kutaja chanzo, hakuna wa kudai wala wa kudaiwa.

Tatu, tusiende peke yetu. Wanyakyusa na Wangonde wa Malawi wametenganishwa na mto Songwe tu, na maneno yao ni ndugu. Ipo Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, chini ya shirika la ARIPO, iliyotungwa kwa ajili ya elimu na sanaa za jadi, zikiwamo zile zinazomilikiwa na jamii za nchi zaidi ya moja. Hilo ndilo jukwaa letu. Mkataba wa dunia uliopitishwa Geneva Mei 2024 ulihusu hataza za mimea na viumbe na elimu ya jadi inayoambatana navyo. Nyimbo na hadithi bado zinangoja zamu yake.

Ndugu msomaji, amana hairudi yenyewe kwa mwenyewe. Hurudi kwa kuwa kuna aliyeweka alama na kuna shahidi. Wazee wenye maneno haya wanazidi kupungua, na mashine hazilali. Tuwarekodi sisi, kwa majina yao, kabla hawajarekodiwa na wasiojua majina yao.