Mwenye Mbegu Ndiye Mwenye Shamba

Wapo wasomi wanaotuambia kwamba ukame ni tatizo la maabara, na kwamba mkulima wa Lushoto atasalimika siku atakapopewa mahindi yaliyotiwa chembe ya urithi, yaani jeni, ya kuhimili kiu. Wapo na wengine, nao pia wasomi, wanaowatisha wananchi kwamba mahindi hayo yatawafanya wagumba. Kundi la kwanza linamsujudia mgeni. La pili linaiogopa sayansi. Yote mawili yanalikwepa swali la msingi: mbegu hiyo ni mali ya nani?

Milima ya Usambara inalijua swali hili kwa uchungu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alichukua ua dogo la zambarau katika pande za Tanga na Usambara akalipeleka kwao. Ua likaitwa Saintpaulia, kwa jina lake yeye. Biashara yake ikaenea Ulaya na Marekani. Fedha yake haikupanda mlima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi, wakawalazimisha wakulima kupiga matuta. Kuzuia mmomonyoko ni jambo jema. Kilichowachukiza wananchi ni amri na adhabu. Waliupinga mpango ule, nao ukafa kabla ya Uhuru. Wasambaa husema kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Nchi haiponywi na mtu asiyewajibika kwa wenye nchi.

Hata hivyo, milima hiyo hiyo inatufundisha kwamba sayansi si adui. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kuanzia miaka ya 1930, wataalamu waliuzalisha muhogo pamoja na jamaa zake wa mwituni, wakapata mihogo inayostahimili ugonjwa wa batobato. Vizazi vya mihogo hiyo vilifika Nigeria, vikawa msingi wa mbegu bora za Afrika. Na pingili ya muhogo, mkulima huikata akampa jirani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sasa tuyatazame mahindi. Mradi wa WEMA, ulioanza mwaka 2008 kwa fedha za Taasisi ya Bill na Melinda Gates na wafadhili wengine, ulitumia jeni ya bakteria iliyotolewa na kampuni ya Monsanto. Oktoba 2016 mahindi hayo yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma. Tuliambiwa jeni ni ya bure. Lakini atoaye bure huku ameshika hati miliki hajatoa, ameazima. Mwaka 2018 Monsanto yenyewe ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani, na hakuna mkulima aliyeulizwa. Mwaka huo huo Afrika Kusini iliikataa aina mojawapo ya mahindi hayo, kwa kuwa takwimu hazikuthibitisha vya kutosha sifa zilizodaiwa.

Novemba 2018 Serikali yetu iliyasimamisha majaribio ya Makutupora. Januari 2021 Waziri wa Kilimo akatangaza kuyafuta. Uamuzi huo ulistahili kuungwa mkono. Lakini, ndugu zangu, ukame haukufutwa pamoja na majaribio. Anayekataa cha mwenzake bila kutengeneza chake, kesho atarudi kuomba, na safari hiyo masharti yatakuwa mazito zaidi.

Mwaka 1972, kule Iringa, Chama kilitamka kwamba Siasa ni Kilimo. Maana yake leo ni hii. Watafiti wetu wa TARI na wa Sokoine wapewe fedha za umma za kuzalisha mbegu za kustahimili ukame, kwa njia yoyote ya kisayansi iliyothibitishwa kuwa salama, na mbegu hizo ziwe mali ya umma. Mwanamke wa Mlalo anayening'iniza mahindi ya mbegu juu ya meko asifanywe mhalifu kwa kuyagawa kwa jirani. Afisa kilimo ashuke shambani kusikiliza kabla ya kuagiza. Na mwalimu awafundishe watoto jeni ni kitu gani, wasije wakadanganywa na mwuzaji wala na mtisha watu.

Taifa lisilo na mbegu yake hulima shamba la mwingine, hata kama hati ya ardhi iko mikononi mwake.