Osuga ulifunzwa na nani? Mtaje

Fanya hesabu ndogo. Taja vyakula vitano unavyoweza kupika bila kuchungulia simu. Halafu jiulize kila kimoja ulikijulia kwa nani. Kama umelelewa Eastlands, iwe ni Kaloleni, Bahati, Jericho, Dandora au Kayole, naweza kukisia kwamba viwili au vitatu kati ya hivyo hukufunzwa na mathe wako. Ulifunzwa na mama wa mlango wa pili, au shosho wa ploti, au yule dadake rafiki yako aliyekuja Nairobi kutafuta kazi kwa mwezi mmoja akakaa miaka sita.

Sasa swali la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. Ukimpikia mtu chakula hicho leo, huwa unasema umekitoa wapi? Wengi wetu hatusemi. Tunasema "nilijifunza tu". Kisha kesho tuko mtandaoni tukibishana ni kabila gani halijui kupika, eti hawa ni watu wa kuchemsha, hawa hawaweki chumvi, hawa wanakula majani kama mbuzi. Na mkono unaoandika hayo ndio ule uliofunzwa kukunja chapo na mama wa kabila lingine.

Kwanza tukumbuke jinsi tulivyofika hapa. Serikali ya kikoloni ilipojenga mitaa ya Waafrika mashariki mwa jiji, ilimfikiria mfanyakazi mmoja, mwanamume, ambaye angekaa mjini kwa muda kisha arudi kwao. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani ni chumba kimoja au viwili, na bomba na choo ni vya kushirikiana nje. Wake na watoto walipokuja, walikuta chumba kisicho na meko. Jiko la makaa likatoka nje, likakaa mlangoni. Baadaye, miaka ya 1970, Dandora ikagawanywa kuwa ploti kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wenye ploti wakajenga vyumba vya kukodisha kuzunguka ua mmoja. Hapo tena, bomba moja na majiko mlangoni.

Ukipika nje, huna siri. Jirani anaona unachotia, anaona unapokosea, na hawezi kunyamaza.

Mimi osuga niliijua hivyo. Kwetu mboga hiyo tunaiita managu, na tuliipika mbio mbio: kitunguu, nyanya, majani, dakika chache, weka kando ya ugali. Mama aliyekaa nyumba inayotazamana na yetu alitoka Siaya, na aliniangalia siku nzima kama mtu anayemwangalia mwizi. Kisha akanivuta hadi kwenye sufuria lake. Kwake majani yanachemshwa kwanza kwa maji mengi, na yale maji machungu yanamwagwa. Anachanganya na akeyo, ile ambayo Wakisii huiita chinsaga na mama mboga wa mtaani huiita saga. Halafu maziwa, moto mdogo, kifuniko nusu. Usile bado. Kesho unaongeza maziwa, unapasha tena polepole. Siku ya tatu ndipo mboga inakuwa laini, nzito, na ule uchungu unabaki kwa mbali tu, wa kukukumbusha. Siku tatu kwa mboga! Nilidhani ananichezea. Lakini mtu akionja mboga ile hasahau, na hadi leo sijaona video ya sekunde sitini inayoweza kukufunza kungoja.

Vipimo havikuwepo. Ulikuwa ni mkebe wa Kimbo wa maharagwe, gorogoro la unga, na "tia hadi uone imetosha". Kuona imetosha ndilo somo lenyewe, na somo hilo huwezi kulipata ukiwa umesimama mbali. Unatumwa chumvi, unapewa mchele uchague mawe, unashikishwa mwiko mtu akibadilisha mtoto nepi. Mwaka unapita, na bila mtu yeyote kutangaza darasa, unajua muthokoi wa Wakamba unatolewa maganda kwanza kabla ya kuchemshwa na maharagwe au mbaazi, na kwamba mrenda wa Waluhya bila musherekha, yale maji yanayochujwa kwenye majivu, hauwi mrenda wa kukumbukwa.

Majengo, Pumwani, walitufunza pilau. Ninasema pilau, si wali uliokaangwa na kurushiwa Royco. Kitunguu kikaangwe hadi kiwe cheusi karibu kuungua, kwa sababu rangi inatoka hapo, kisha bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Idi ikifika, sahani zilizofunikwa zinatembea kwenda kwa majirani Wakristo. Na sahani hairudishwi tupu. Krismasi chapati zinafuata njia ile ile kurudi. Chapati zenyewe, kama tunataka kuwa wakweli kabisa, ni za Wahindi. Hakuna kabila la Kenya linaloweza kudai kwamba mababu zake walizikunja. Lakini jaribu kumwambia mtu wa Umoja kwamba chapo si chakula cha kwao!

Najua kuna mtu tayari anataka kunijibu kwamba napaka umaskini rangi. Ana haki kiasi. Watu walishirikiana bomba kwa sababu hawakupewa mabomba, na si kila mlango ulikuwa wazi. Wewe mwenyewe unakumbuka onyo kabla ya kwenda kucheza: "Usile kwa watu. Ukipewa, sema umeshiba." Mama aliogopa ionekane kwake hakupikwi. Na kulikuwa na nyumba ambazo chakula kikiiva, mlango unafungwa na mtoto wa jirani anaambiwa aende kwao. Mambo haya yalikuwepo, na hakuna anayetamani kurudi kupanga foleni ya choo saa kumi na moja asubuhi.

Lakini shida peke yake haifundishi mtu kupika osuga. Yule mama angeweza kunicheka tu, akaendelea na kazi yake. Aliamua kunifunza, na uamuzi huo ndio ninaotaka upewe heshima yake.

Na tumeona kinachotokea uamuzi wa namna hiyo ukikosekana. Baada ya uchaguzi wa 2007, sehemu za Huruma na Mathare watu walihama wakajipanga upya kwa makabila, mtaa huu wa hawa, ule wa wale. Mtoto aliyezaliwa kwenye ploti kama hiyo baada ya hapo anaweza kukua akijua harufu ya jikoni moja tu. Huyo ndiye ukimwambia majirani zake hawajui kupika ataamini, maana hajawahi kuonja.

Serikali na watafiti wamefanya kazi nzuri upande mmoja. Mwaka 2021 UNESCO iliuweka mpango wa Kenya wa kulinda vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano bora, na watafiti walikuwa wamerekodi takriban mimea 850 ya kienyeji pamoja na majina yake. Hongera kwao. Ila kazi kama hiyo humtafuta mwenye chakula kule kijijini, jamii moja moja. Mkikuyu wa Jericho anayepika osuga ya siku tatu ataandikwa chini ya jamii gani? Mama Mkamba wa Eastleigh anayemwaga anjera kwenye kikaango kila asubuhi kwa sababu alifunzwa na jirani Msomali, je?

Na muda unayoyoma. Mtaa wa zamani wa kaunti wa Pangani ulibomolewa kupisha magorofa. Makongeni, mtaa wa watu wa reli, wakazi wametakiwa kuhama kupisha nyumba za bei nafuu. Mitaa mingine mikongwe imo kwenye mipango kama hiyo. Sipingi nyumba zenye maji ndani. Waliozeeka wakibeba ndoo wanastahili. Ninachouliza ni kama kuna mchoraji hata mmoja aliyekumbuka kuacha mahali pa watu kupikia pamoja, hata kama ni ukumbi mdogo wa ghorofa ya chini wenye meko matatu. Maana wengi wetu tayari tuko kwenye bedsita, gesi ya kilo sita, mlango umefungwa, na jirani tunamjua kwa sauti ya redio yake.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujaagiza chipo, mtafute yule aliyekufunza. Pengine bado yuko mtaani, pengine alirudi mashambani na namba yake anayo mtoto wake mliyesoma naye. Mwulize sababu ya kila hatua, kwa nini maji ya kwanza yanamwagwa, kwa nini moto unapunguzwa. Rekodi sauti yake. Siku utakayopika, wageni wakiuliza, mtaje kwa jina alilojulikana nalo kwenye ploti, na utaje alikotoka. Ukienda kwake, beba lita moja ya maziwa. Osuga itayahitaji, na kuna uwezekano mkubwa utaambiwa urudi kesho, na kesho kutwa.