Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: ukurasa wa 23 umenifungia duka

Bwana Mkurugenzi,

 Nina neno nawe. Nalisema hadharani kwa sababu kwa faragha nimelisema na sikujibiwa, isipokuwa na mashine yenu ya barua pepe, ambayo ilinishukuru kwa kuwasiliana nanyi. Jina la taasisi yenu silitaji hapa. Ni stara ambayo nyinyi hamkunipa, lakini mimi nimelelewa hivyo.

Mimi ndiye yule mwenye saiba wa Bombolulu. Unanijua. Nimo ukurasa wa 23 wa ripoti yenu ya misimamo mikali katika Pwani: mwanamke mjane, umri wake huu, ana duka la kuchapa na kupiga picha za pasipoti, upande huu wa barabara ya Malindi, hatua chache kutoka steji, na mpwa wake alipotea 2015. Mlichobakisha ni nambari ya simu, nayo imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, mkaandika kwamba majina ya wahojiwa yamehifadhiwa kwa ajili ya usalama wao. Ni kweli. Jina mmelihifadhi.

Duka limefungwa.

Labda huko kwenu haijulikani saiba inaishi kwa nini, basi nikueleze. Mteja huja na kitambulisho chake na cha mamake, na nywila ya eCitizen kaiandika nyuma ya tiketi ya matatu. Mwingine huniachia PIN ya KRA na kwenda zake sokoni Kongowea. Msichana anayekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani hunitajia majina ya babu yake mpaka wa tatu ili nimjazie fomu ya pasipoti. Mzee huja na cheti cha kifo cha mkewe nikitoe kopi, na huku natoa kopi ananisimulia alivyokufa. Wino na karatasi ni kisingizio tu. Kazi yangu ni watu kuniachia siri zao na kuondoka wakiamini kwamba nikizima kompyuta jioni, nami nimesahau.

Nyinyi mkaandika kwamba mwenye duka huyu aliwaeleza watafiti wenu kuhusu vijana wanaomiminika kuomba pasipoti.

Nilisema vijana wanaomba pasipoti. Nilisema pia wanatafuta kazi ya ulinzi Qatar na udereva Saudia, na kwamba kijana wa Kiislamu wa Pwani akifika mbele ya dirisha la pasipoti huulizwa karatasi za babu ambazo babu mwenyewe hakuwahi kuziona. Nililisema hilo kwa urefu, na mtafiti wenu akaandika. Habari ya babu haikuingia kwenye ripoti. Habari ya Qatar haikuingia. Iliingia pasipoti peke yake, tena katika sura inayozungumzia njia za kuvukia kwenda Somalia. Hivi kweli, Bwana Mkurugenzi, mtu anayekwenda kujificha msitu wa Boni hupanga foleni kwanza apigwe picha na kutoa alama za vidole? Taasisi nzima ya wataalamu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza hilo kabla ripoti haijakwenda kwa mchapaji?

Ripoti yenu iko kwa Kiingereza, mkaizindua hotelini Nairobi, na nadhani mliamini itaishia huko. Haikuishia huko. Mtu alipiga picha ukurasa wa 23, akaizungushia duara sentensi yangu na kuitupa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Mimi nilipoipata nikaichapa yote, kurasa zote, kwa mashine yangu na wino wangu, ndiyo kazi ya mwisho ya maana ambayo mashine ile imefanya.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana niliyemjazia fomu tangu yuko kidato cha nne. Hakufoka. Akasema, "Mama, nakuheshimu, lakini nifutie mambo yangu yote, na nione ukifuta." Nikafuta, akiwa amesimama nyuma yangu. Baada yake wakaja wengine, kisha hawakuja tena, wakawa wanavuka barabara na kwenda kwa mwenzangu wa upande wa pili, ambaye anatoza zaidi na mashine yake inatoa mistari. Niliendelea kufungua kila asubuhi na kukaa. Kodi ya chumba haijui kukaa. Duka limefungwa, na mashine nimeiuza kwa bei ambayo sitaki kuitaja.

Kabla sijafunga walikuja pia wanaume wawili, adabu tele, nguo za kiraia. Walitaka kujua kama ninaweka orodha. Nikawaambia siweki. Wakasema mbona imeandikwa. Basi fikiria hali yangu: watu wa mtaani wananiita mtoa habari, na wanaotafuta habari wananiuliza kwa nini sitoi. Neno "mtoa habari" nyinyi mnajua uzito wake kuliko mtu yeyote. Mna sura nzima juu ya wazee wa mitaa na wa nyumba kumi waliouawa Kwale kwa kudhaniwa kwamba wanapeleka majina. Sura yenyewe nzuri, imeandikwa kwa huruma. Inaanzia ukurasa wa 31. Aliyeiandika hakupata nafasi ya kurudi nyuma kurasa nane?

Dadangu haingii nyumbani kwangu tena. Kuhusu mwanawe mmeandika kwamba "inaaminika" alivuka mpaka. Inaaminika na nani? Sisi tunachojua ni gari, watu wanne, na mlango uliovunjwa kabla ya alfajiri. Shirika la HAKI Africa walitoa ripoti yao 2016 kuhusu watu wa Pwani waliouawa na waliopotea tangu 2012, na kwa habari za namna hiyo wao walikwenda kuwauliza wazazi. Nyinyi mlikuwa na mzazi hatua ishirini kutoka dukani kwangu.

Narudi kwenye duka, maana ndilo lililonifanya nikuandikie. Kwenye warsha mliyotuita kutuhoji tulipewa fomu ya ridhaa. Ilikuwa kwa Kiingereza, na kijana wenu, mpole, mwana wa watu, alitusomea kwa Kiswahili: hakuna atakayetambulika, sauti zitafutwa, mtu ana haki ya kujitoa. Tukatia sahihi. Tukatia sahihi pia ya soda, na ya nauli, shilingi kwa shilingi, risiti zikakusanywa kwenye bahasha. Nauli yangu ya kutoka Bombolulu ilihifadhiwa kwa uangalifu kuliko uhai wangu. Mkaguzi wenu akija leo, risiti ya tuktuk ataipata.

Na usinijibu kwamba sheria ya utafiti ni ngumu. Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu Novemba 2019. Kifungu cha 53 kinawapa nyinyi watafiti nafasi ambayo sisi wenye biashara hatuna, mtumie data za watu kwa utafiti, kwa sharti kwamba hazitachapishwa katika sura inayomtambulisha mwenyewe. Sharti ni hilo, si refu. Mwanafunzi wa chuo akitaka kuwauliza wamama wa Kongowea bei ya nyanya, lazima aombe kibali cha utafiti cha NACOSTI, na nimewachapia wengi hizo fomu. Kibali chenu mmekipiga picha na kukiweka mwanzoni mwa ripoti, na muhuri unaonekana vizuri.

Naelewa kazi yenu ni kubwa. Nakusikia redioni ukieleza Goma, Sudan, na polisi wetu walivyopelekwa Haiti. Umefuata bila kukosea jinsi AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika huko Somalia, ilivyogeuka ATMIS 2022 na ATMIS ikageuka AUSSOM 2025. Majina ya vikosi unayaweza. Lakini katika ripoti hiyo hiyo mmewachanganya Wakali Kwanza na Wakali Wao, vijana wa mapanga wa Kisauni wanaopora simu, na watu wa al-Shabaab, kana kwamba kila kijana wa Pwani aliyeshika kitu chenye makali ameshika dini. Mmeiingiza humo humo MRC, ambayo ilitaka Pwani ijitenge na malalamiko yake yalikuwa ardhi, na ambayo Mahakama Kuu ya Mombasa iliiondolea marufuku 2012. Vijana wa Changamwe waliokosa kazi za malori baada ya mizigo ya bandarini kuamriwa kupanda reli ya SGR mwaka 2019 wamepata mstari mmoja, eti "mambo ya kiuchumi".

Sisi tunajua maneno ya wataalamu yanavyouma. Mei 2014 serikali ya Uingereza ilitoa onyo kwa wasafiri wake, na makampuni ya watalii yakawapakia wageni wao kwenye ndege na kuwarudisha kwao kabla likizo haijaisha. Mwezi uliofuata ukaja msiba wa mauaji ya Mpeketoni, na hoteli za pwani ya kaskazini zikafunga moja baada ya nyingine. Hapa kwetu kuna karakana za Bombolulu, ambako watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza vito na kazi za mikono tangu 1969. Hao mnunuzi wao mkubwa alikuwa mtalii. Hakuna aliyewashitaki kwa lolote. Mtu wa mbali aliandika aya, na aya ikawafikia.

Na tangu majeshi yetu yavuke kuingia Somalia Oktoba 2011, aya hazijaisha. Aliuawa mhubiri Aboud Rogo Agosti 2012, wakaja watafiti. Aliuawa mhubiri mwenzake, Makaburi, nje ya mahakama ya Shanzu Aprili 2014, wakaja wengine na kinasa sauti kizuri zaidi. Novemba ile misikiti ya Musa, Sakina, Swafaa na Minaa ilivamiwa na kufungwa, wakaja na maswali yale yale. Ukatoka mkakati wa taifa juu ya misimamo mikali 2016, ukatoka mpango wa kaunti 2017, na kila karatasi ilihitaji "sauti ya jamii". Tumekamuliwa kama nazi: tui limekwenda Nairobi na kwa wafadhili, huku tumebaki na machicha. Hakuna hata mmoja aliyerudi Bombolulu kutusomea kwa Kiswahili alichoandika juu yetu. Nasema hata mmoja, na kama yupo na ajitokeze nimwombe radhi.

Waliowaua Rogo na Makaburi hawajulikani mpaka leo. Utafiti upo wa kutosha juu ya nani anaweza kugeuka kuwa hatari. Juu ya nani aliyebisha hodi kwa dadangu usiku ule, hakuna mfadhili. Ndiyo maana wengine huku wameanza kuamini kwamba daftari lenu na daftari la wale wanaume wawili wenye adabu ni daftari moja. Mimi siamini hivyo. Lakini mmenipa kazi ngumu ya kuwatetea, na pa kuwatetea sina, duka limefungwa.

Basi nataka nini. Nataka ukurasa wa 23 uondolewe kwenye ripoti iliyo mtandaoni, wiki hii, pamoja na ule mstari wa mpwa wangu, na wafadhili wenu wote mliowapelekea nakala waandikiwe kwa nini umeondolewa. Nataka rekodi ya sauti yangu ifutwe na nionyeshwe ikifutwa, kama nilivyomwonyesha yule kijana. Nataka kujua, kwa maandishi, ni nani serikalini aliyeipata ripoti kabla ya uzinduzi na kama majina yetu halisi yalikuwa kwenye nakala hiyo. Sheria inanipa haki ya kuuliza, na nimeshamwandikia Kamishna wa Data.

La mwisho haliko kwenye sheria. Nataka uje. Usimtume yule kijana mpole, njoo mwenyewe, tuitishe baraza kwenye uwanja wa chifu baada ya alasiri watu wakiwa wametoka kazini, na useme kwa kinywa chako, kwa Kiswahili, kwamba mwenye saiba hakuwapa orodha, hakuwapa jina la mtoto wa mtu, na kwamba maneno ya Qatar aliyasema nanyi mkayakata. Wazee watakusikiliza. Huenda vijana wakapiga kelele kidogo, uwavumilie, wana sababu. Ukimaliza utaulizwa maswali, na hakutakuwa na fomu ya ridhaa.

Chumba cha duka hakijapata mpangaji. Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nakuomba tarehe yako iwe kabla ya hapo.

Wasalaam,

Mhojiwa wa ukurasa wa 23
Bombolulu, Mombasa