Mchanga Usipande Lori

Ndugu zangu wa Makueni, Kitui na Machakos, mvua imetuona. Tangu vuli ya 2020 hadi ile ya 2022 tulihesabu misimu mitano mibovu mfululizo. Masika haya ya 2023 malisho yamerudi, na pale mtoni ambapo kina mama walichota maji kwa kikombe kutoka shimo la mchanga, leo maji yanapita kwa kishindo.

Yanapita, na hapo ndipo penye neno. Yanaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na udongo wa mashamba yetu unaishia kuigeuza bahari ya Malindi kuwa nyekundu. Mvua tuliyoililia muda wote huo tunaisindikiza pwani!

Kuizuia tunajua. Matuta ya fanya juu ni kazi ya huku kwetu: mtaro unafuata usawa wa mteremko, udongo unarushwa upande wa juu, ukingo unapandwa nyasi. Basi kila kijiji kiite mwethya, kazi yetu ya pamoja, sasa ardhi ingali laini. Ikifika Julai sururu itatoa cheche. Na tuanze na shamba la mjane na la mzee asiye na nguvu, hasa likiwa juu mlimani. Maji yakipata upenyo pale, yanabomoa matuta ya kila aliye chini.

La pili ni mchanga. Nyuma ya ukuta wa bwawa la mchanga uliojengwa kukatiza mto, maji hujificha kati ya chembe, jua lisiyafikie. Ukichimba Septemba unayakuta. Lori linalokuja usiku kupakia mchanga linabeba kisima chetu. Najua wapakiaji ni vijana wetu na wanatafuta riziki, kwa hiyo tuibane kaunti iwalipe wao kwanza kazi ya matuta na kuta. Makueni ina sheria ya mchanga tangu 2015, lakini sheria haiamki usiku wa manane. Mkisikia injini mtoni, pigeni kamsa, mwamsheni jirani, mpigieni chifu.

La tatu, kipande cha shamba kilichobaki wazi kitiwe ndengu au kunde. Masika yetu ni mafupi, mahindi hayatayawahi. Tegemeo letu kubwa ni mvua ya Oktoba, na matuta yaitangulie. Wazee wa vijiji, tangazeni siku ya mwethya Jumapili hii; kila nyumba itoe mtu mmoja, aje na jembe, sururu au karai.