Usiuziwe makaa ya mawe kwa jina la stima ya uhakika

Kila stima ikipotea nchi nzima, lazima kuna msee mtandaoni ataibuka na dawa yake: si tujenge tu mtambo wa makaa ya mawe, tuachane na hizi story za upepo na jua? Ukimbana kidogo, atakutajia Afrika Kusini. Ati kule wanachoma makaa, stima ni ya uhakika na bei iko chini.

Sawa. Basi tuiangalie hiyo Afrika Kusini, kwa sababu hakuna nchi barani Afrika iliyojaribu hii kitu kwa ukubwa kama wao.

Kampuni yao ya umeme, Eskom, ni ya serikali na imekuwepo tangu 1923. Kwa miaka mingi mambo yalikuwa matamu. Makaa yanachimbwa mkoa wa Mpumalanga, mtambo unajengwa karibu na mgodi, na stima ikawa miongoni mwa za bei ya chini zaidi duniani. Hadi leo karibu asilimia 80 ya umeme wa nchi hiyo unatokana na makaa. Kama makaa peke yake yangeleta uhakika, basi Johannesburg haingewahi kujua giza.

Lakini Johannesburg imelijua giza vizuri sana. Mgao ulianza 2007 na 2008, na mwaka 2023 ukawa mbaya kuliko miaka yote. Kulikuwa na siku ambapo Eskom ililazimika kukata megawati 6,000 kwenye gridi. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya stima yote ambayo Kenya nzima hutumia jioni, wakati kila mtu amewasha taa, TV na jiko. Fikiria kinyozi, mwenye saiba, mama anayeuza kuku wa friji, wote wanapanga maisha yao kwa ratiba ya giza, kila siku, mwaka mzima.

Na makaa hayakuwa yameisha. Yalikuwepo kibao. Kilichokufa ni mitambo. Mwaka huo wa 2023 ni kama asilimia 55 tu ya uwezo wa mitambo ya Eskom iliyokuwa inapatikana. Iliyobaki ilikuwa imeharibika ama iko kwa fundi. Kwa miaka mingi matengenezo yalikuwa yanaahirishwa ili taa zisizime, na kitu ukikiahirisha hivyo, siku moja kinakuzimia chenyewe. Ongeza ufisadi wa zabuni, ongeza malori yaliyopeleka makaa mabovu yaliyochanganywa na mawe. Hata mtambo mpya wa Medupi, uliojengwa kwa mabilioni, ulilipuka kitengo kimoja Agosti 2021, siku chache tu baada ya kutangazwa kuwa umekamilika.

Na bei je? Ili kuziba pengo, Eskom ilichoma dizeli usiku na mchana. Deni lake likapita randi bilioni 400, hadi serikali ikaahidi kuiokoa kwa randi bilioni 254 za walipa kodi. Mteja naye akaongezewa bei karibu asilimia 19 mwaka 2023, kisha karibu asilimia 13 mwaka 2024, na hivyo hivyo tena 2025. Hiyo ndiyo bei nafuu unayoambiwa mtandaoni.

Sasa sikiza hapa, maana ndipo penye funzo. Kuanzia mwisho wa Machi 2024 Eskom ilikaa kama miezi kumi bila mgao. Haikuchimba makaa zaidi. Ilitengeneza mitambo yake iliyokuwa imelala, na wakati huo watu na biashara walikuwa wameshajaza sola kwenye paa zao, zaidi ya megawati 5,000. Yaani uhakika uliletwa na spana, na mwananchi aliyechoka kungoja.

Nitakuwa fair kwa Eskom kwenye jambo moja. Mei 2024 bodi yake iliamua mitambo mitatu mizee, Camden, Grootvlei na Hendrina, isizimwe haraka bali iendelee hadi 2030. Watetezi wa mazingira walikasirika. Mimi naona Eskom ilikuwa sahihi. Walikuwa tayari wameuzima mtambo wa Komati Oktoba 2022, na mji uliokuwa unaishi kwa huo mtambo ukabaki unahesabu kazi zilizopotea. Ukitegemea makaa kwa asilimia 80 na mbadala haujafika, ukizima ghafla hauumii tajiri mwenye betri. Anaumia mchimba mgodi, na anaumia mtu wa Soweto asiye na hata paneli moja.

Lakini tusijidanganye kwamba kungoja huko ni bure. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba hewa chafu ya eneo hilo la migodi na mitambo inavunja haki ya kikatiba ya wakazi. Kuna watoto wanaolipa bili hiyo kwa mapafu. Kwa hivyo kuushikilia mtambo ulionao ukijipanga kutoka ni jambo moja. Kwenda kujenga mpya wakati huna hata mmoja ni jambo lingine kabisa.

Na sisi hatuna hata mmoja. Karibu asilimia 90 ya stima yetu inatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Tulikaribia kuingia kwenye makaa kupitia Lamu, mtambo wa megawati 1,050 kule Kwasasi, karibu na mji wa kale ambao UNESCO inautambua kama urithi wa dunia. Unajua makaa yalipangwa kutoka wapi mwanzoni? Afrika Kusini, kwa meli. Na Kenya Power ingefungwa na mkataba wa miaka 25, ikilipia uwezo wa mtambo hata stima yake isipotumika. Watu wa Lamu walipigana, na Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni. Oktoba 2025 rufaa ikatupwa Malindi.

Utaniambia, lakini jua huzama saa kumi na mbili, na stima tunaitaka usiku. Ni kweli. Ndiyo maana tuna mvuke wa Olkaria, ambao haujui usiku wala mawingu. Hapo ndipo pa kuongeza pesa, pamoja na betri za kuhifadhi umeme wa mchana.

Halafu jiulize stima yako hupotea kwa nini hasa. Agosti 25, 2023, nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA. Lile lilikuwa anguko la gridi. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilisimama tayari ikingoja laini ya kuileta stima hadi tulipo, na tukalipishwa kwa kuchelewa huko. Magharibi mwa nchi watu wanazimiwa jioni kwa sababu laini zimelemewa. Transfoma ya mtaa wenu ikilipuka, mtambo wa makaa kule Lamu utakusaidia na nini?

Ukinunua tokeni tena, usifute ile meseji. Isome. Utaona gharama ya mafuta, na utaona makato ya kubadilisha pesa za kigeni. Makaa ya kuagizwa nje hununuliwa kwa dola, kwa hivyo hizo laini mbili ndizo zingenenepa kwanza. Mvuke wa Naivasha hauletwi na meli.

Kwa hivyo mwanasiasa akija mtaani kwenu na wimbo wa makaa ya mawe, usibishane naye kuhusu tabianchi, hapo atakuchenga. Muulize ni nani atakayelipa ikiwa stima hiyo haitatumika, kwa miaka mingapi, na pesa za kutengeneza laini na transfoma zilienda wapi. Eskom ilikuwa na makaa yote duniani na bado ikakosa majibu ya maswali kama hayo.