Hatuhitaji bastola Riruta, tunahitaji hesabu ya risasi

Mhariri,

Mwaka huu wa 2025 unapoelekea ukingoni, wafanyabiashara wenzangu wa Riruta na Kawangware wameshikilia hoja moja: serikali imrahisishie mwananchi wa kawaida kupata leseni ya bastola ajilinde mwenyewe. Nimeisikia kwenye chama chetu, nimeisikia kwa kinyozi, na hata mzee wetu wa Nyumba Kumi siku hizi anaitetea. Ninaelewa hofu yao, lakini siungi mkono dawa yao.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Aprili 30, Mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, aliuawa kwa risasi akiwa garini mwake kwenye Barabara ya Ngong, na waliofyatua walikuwa kwenye pikipiki. Hiyo ndiyo barabara tunayopitia tukitoka mjini jioni. Watu wakajiuliza: ikiwa mheshimiwa anaweza kumalizwa hivyo, wakala wa M-Pesa anayefunga kibanda saa tatu usiku hapa Satellite atanusurika vipi?

Mwaka huu huu jirani yangu wa duka aliibiwa na vijana wawili, mmoja akiwa na bastola. Tulipofika kituoni kuandikisha, askari wa zamu alituuliza kama tulihakikisha ni bastola ya kweli au ni bonoko. Kisha tukaambiwa gari halina mafuta. Tulirudi na namba ya OB kwenye kipande cha karatasi, na mpaka leo hakuna aliyekuja hata kuuliza mlango uko wapi. Ukitendewa hivyo, ni rahisi kuanza kuota bastola chini ya kaunta.

Hata hivyo, tukumbuke tunaishi wapi. Ploti nyingi za huku ni za mabati, milango ishirini inatazamana, na watoto wanalala upande wa pili wa ukuta ambao msumari unaupenya. Risasi ya mwenye duka aliyeshtuka usiku haitasimama kwa mwizi. Na kijana aliyekuja kuiba shilingi elfu tano akijua kaunta ina bastola, atakuja kuiba bastola.

Isitoshe, hakuna haki tunayonyimwa hapa. Wamarekani waliiandika haki ya kuwa na silaha katika katiba yao tangu 1791. Katiba yetu ya 2010 haina haki hiyo. Inachokilinda Kifungu cha 26 ni uhai. Bunduki kwetu ni ruhusa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha ina uwezo wa kuitoa na kuifuta. Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, wote wenye leseni waliamriwa kukaguliwa upya kwa sababu bastola zilikuwa zimeishia kwenye mikono isiyofaa. Wanaotaka milango ifunguliwe zaidi wasilisahau hilo.

Lakini lalamiko langu kubwa, Mhariri, ni kuhusu bunduki zinazonunuliwa kwa kodi yangu. Juni 17, muuza barakoa alipigwa risasi ya kichwa katikati ya jiji, akafariki Juni 30. Afisa mmoja wa polisi alishtakiwa kwa mauaji. Sote tunajua kilichosaidia: kamera zilikuwa pale. Siku ya maandamano ya Saba Saba, Julai 7, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, ilihesabu zaidi ya watu 30 waliouawa. Miongoni mwao alikuwemo msichana wa miaka 12 wa Kiambu, aliyefikiwa na risasi akiwa nyumbani kwao. Katika siku hizo, Waziri Kipchumba Murkomen alisema anayekaribia kituo cha polisi kunyakua bunduki apigwe risasi, na Rais William Ruto akasema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu. Mimi ni mwenye biashara. Sijamwomba mtu yeyote avunjiwe mguu kwa ajili ya unga wangu.

Kwenye vichochoro vyetu kamera hazifiki. Majirani zetu wa Kibera hawajasahau Desemba 2018, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Leeds aliyekuja nyumbani likizo alipouawa kwa risasi ya polisi. Na Kawangware tunazikumbuka vurugu za Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio.

Sheria tunayo tayari. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linataka bunduki itumike pale tu njia nyepesi zimeshindwa. Kila afisa anayefyatua lazima amwarifu mkubwa wake mara moja, hata kama hakuna aliyeumia. Mtu akifa au akijeruhiwa vibaya, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, lazima iarifiwe. Na afisa aliyevaa sare lazima awe na jina au namba yake mahali inapoonekana. Mimi nikifunga duka jioni nahesabu hadi kibiriti cha mwisho. Sioni kwa nini risasi ya serikali isihesabiwe.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila baada ya miezi mitatu tuelezwe katika baraza la chifu ni risasi ngapi zilifyatuliwa katika eneo letu, ni ripoti ngapi zilipelekwa IPOA, na zimefikia wapi. Pili, afisa wa sare asiye na jina wala namba asikabidhiwe bunduki asubuhi. Tatu, Bodi ya Leseni itangaze kila mwaka imetoa leseni ngapi, imefuta ngapi, na ni silaha ngapi za raia zilizoripotiwa kupotea au kuibwa.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Utaratibu huu ukianza Januari, kufikia siku hiyo tutakuwa tumeuzoea. Wabunge wetu wa Dagoretti Kaskazini na Kusini wanaweza kuudai leo bila kupitisha sheria mpya hata moja. Ningependa wajibu kupitia ukurasa huu, pamoja na wakuu wa vituo vya polisi wanaotuhudumia.

Mwenye duka,
Riruta Satellite, Nairobi